Ntheo Mbele ya Kamera

Siku ya tatu baada ya Muthama kufa, mdogo wake Nyamai aliacha kumwita Kanyiva shemeji. Alimwita madam.

"Madam, kamati inakuhitaji," alisema, amesimama mlangoni pa jikoni bila kuingia, funguo za pikipiki zikizunguka kidoleni.

Kanyiva alikuwa ameinamia sufuria ya mahindi ya muthokoi ya waombolezaji. Miaka thelathini ya jukwaani ilikuwa imemfunza kwamba mwenzako akibadilisha neno moja mlilozoea kulisema kila siku, hajasahau. Kuna mahali anataka kukupeleka. Akapangusa mikono, akajifunga leso upya, akamfuata.

Nyuma ya nyumba aliyoijenga Muthama kwa mikono yake hapa Kathonzweni, wazee saba wa ukoo walikuwa wameketi chini ya hema. Katikati yao alikuwa Kisilu, mwenyekiti wa ukoo, mstaafu wa idara ya mifugo, mtu mpole asiyependa kelele.

"Mama Ndinda, pole tena," alianza. "Jumamosi tunazika. Kijitabu cha mazishi kinaenda kuchapwa kesho kutwa. Lakini kuna swali limeulizwa na familia, na mimi lazima nilifikishe. Ulitolewa ntheo?"

Kwa Wakamba hilo si swali dogo. Unaweza kuishi na mwanamume miaka ishirini, ukamzalia, ukamuuguza, ukamfunga macho. Lakini kama mbuzi watatu wa ntheo hawakuingia bomani kwa baba yako, wakiletwa na wazee wa upande wa mume, na beberu mmoja akachinjwa na kuliwa papo hapo, basi ulikuwa umekaa tu na mtu. Watoto ni wa kwenu. Shamba si lako. Na mtu wako akifa, wengine ndio watakaomzika, nawe utasimama na majirani.

"Nilitolewa," alisema Kanyiva. "Nyumbani kwetu, kijijini Tulia, kwa baba yangu. Mwaka wa elfu mbili na sita."

"Nani walikuwepo?"

"Baba yangu Kivuva. Mama yangu Kalekye."

"Hao wameshatangulia, Mungu awarehemu. Na upande wetu? Wazee gani walileta mbuzi?"

Kanyiva alitazama chini. Alijua jibu lingesikika vipi, na hakuwa na jingine.

"Upande wenu hakuja mtu. Wale wazee walikuwa waigizaji."

Mtu mmoja alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Nyamai hakucheka. Alikuwa amelisubiri jibu hilo tangu asubuhi.

*

Kanyiva alizaliwa Tulia, mtoto wa fundi viatu. Kibanda cha babake kilikuwa pembeni mwa soko, na Kanyiva aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akitazama watu wakiingia na miguu yao. Kufikia miaka tisa aliweza kuigiza mwendo wa nusu ya soko. Alipokuwa darasa la saba, katika mchezo wa shule, aliigiza bibi mmoja muuza ugoro kwa ukamilifu mkubwa hivi kwamba bibi mwenyewe alikuja shuleni Jumatatu, akamkuta mwalimu mkuu na kumwambia, "Nataka kujua ni nani ameniiba."

Baada ya kidato cha nne alijiunga na kundi la maigizo lililozunguka shuleni likiigiza vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa. Walisafiri kwa lori kuukuu lililobeba mbao, mapazia na watu kumi na wawili: Kitui mjini, Mwingi, Kwa Vonza, Wote, hadi Makindu. Wanafunzi mia sita walijaa bwaloni, jasho na harufu ya githeri, na Kanyiva, msichana wa miaka ishirini na mitatu, aliigiza wajane wa miaka sitini. Hakuna aliyejua sauti ile ilitoka wapi. Ilikuwa nzito, iliyochubuka kidogo, na ilifika ukuta wa nyuma bila kupaazwa. Alipolia, bwalo zima lilinyamaza, hata wale wavulana wa safu ya mwisho waliokuja kupiga miluzi.

Muthama alikuwa dereva wa lori na seremala wa jukwaa. Hakuwahi kuigiza. Kazi yake ilikuwa milango: alitengeneza mlango mmoja uliosimama wenyewe bila ukuta, wakauzungusha Ukambani kote. "Mlango wa jukwaani ni mgumu kuliko wa nyumba," alikuwa akisema. "Wa nyumba unafunguliwa na watu waliochoka. Huu unafunguliwa na watu wanaojifanya." Kanyiva alimpenda kwa maneno hayo, na kwa sababu kila baada ya onyesho alimletea maji ya moto na chumvi bila kuambiwa.

Alijaribu Nairobi, miaka mitatu. Aliigiza mwanamke anayefua katika tangazo la sabuni. Katika filamu moja ya wageni aliwekwa kisimani siku nne, akateka maji na kuyamwaga, akateka na kumwaga, bila neno hata moja la kusema. Mwelekezi alimwambia kupitia mkalimani kwamba uso wake una njaa nzuri. Aliporudi Ukambani alimsimulia Muthama, wakacheka hadi wakashikana. Halafu Kanyiva akaanza kulia, na Muthama hakujua ni wapi kicheko kilipoishia.

Ndipo akaingia filamu za Kikamba, zile zilizouzwa kwenye diski sokoni. Mwenye kuzitengeneza alikuwa Gathua, Mkikuyu aliyekuwa na studio ya picha Emali, kando ya barabara ya Mombasa. Gathua alipiga video za harusi wikendi na filamu siku za kazi. Kwake Kanyiva aliigiza mama mkwe mkorofi, mlevi aliyeokoka, na mwisho mchawi. Mchawi ndiye aliyempa jina, na ndiye aliyemharibia. Kwa Vonza wanawake waliwafunika watoto nyuso alipopita. Kanisani pasta alimwita pembeni: hangemfungisha ndoa na Muthama mpaka asimame mbele ya washirika na kuuacha uigizaji kama anavyoacha dhambi.

"Nikiuacha nitakuwa nani?" alimuuliza Muthama.

"Utakuwa mke wangu."

"Na nisipouacha?"

"Utakuwa mke wangu ambaye pasta hampendi."

Kwa hiyo harusi ya kanisa haikuwapo, wala cheti. Palibaki ntheo tu, na ntheo nayo ilikwama. Babake Muthama alikuwa amekufa, na wajomba zake walisema wazi kwamba hawatatoka Kathonzweni kwenda Tulia kumposa mchawi wa sinema. Ndinda, binti yao, alikuwa na miaka sita. Mzee Kivuva alimpenda mjukuu wake, lakini hakuwahi kuonja hata chai nyumbani kwa Muthama. "Siku nitakayokula mbuzi wako ndiyo siku nitakayokunywa chai yako," alisema, bila hasira, kama mtu anayesoma ratiba ya basi.

*

Mwaka huo Gathua alikuwa na hadithi ya msichana anayeozwa. Alihitaji boma la kizamani, lenye ghala la mtama na mlango wa miti, na boma la Mzee Kivuva lilikuwa hivyo hivyo. Kwa kuwa hakuwa na pesa za kuwaleta waigizaji wengi, aliwaomba Kivuva na Kalekye waigize wazazi wa bibi arusi. Kwani ni nini cha kuigiza? Binti ni wao, boma ni lao. Kanyiva alikuwa msichana mwenyewe, japo alishafika miaka thelathini na mitano na Gathua alimpaka poda hadi akakohoa.

Bwana arusi alitakiwa kuwa kijana mmoja wa Machakos. Asubuhi ya kupiga picha hakutokea. Alikuwa amepata kazi nyingine. Gathua alizunguka boma akilaani, halafu akamwona Muthama akipigilia msumari kwenye mlango.

"Wewe. Vaa koti."

"Mimi sijui kuigiza."

"Hakuna kuigiza hapo. Unaingia na mbuzi, unanyamaza, unaonekana mjinga. Bwana arusi ni hivyo tu."

Mbuzi walikuwa watatu, beberu mweusi na majike mawili. Gathua alikuwa amemtuma Muthama Mwingi siku ya mnada awakodi. Muthama hakuwakodi. Aliuza baiskeli yake na randa aliyorithi kwa babake, akawanunua, akawaleta nyuma ya lori akiwa amewakumbatia wasiumie. Hakumwambia mtu, wala Kanyiva. Ni asubuhi hiyo tu, kabla kamera haijawashwa, alipomwendea Mzee Kivuva kando ya ghala. Kanyiva alikuwa karibu, akipakwa poda, na aliyasikia yote.

"Asa, mbuzi hawa ni wangu," alisema, akimwita baba kwa Kikamba.

Mzee aliwatazama mbuzi, akamshika beberu pembe, akamfungua mdomo kutazama meno.

"Hii ni sinema ama ni ntheo?"

"Ni zote mbili, asa. Sina wazee wa kuniletea. Hawa wa sinema watanisaidia kutembea."

Wazee wa kuigiza walikuwa wanne, mmoja wao Ndululu, mchekeshaji aliyejulikana kwa kuvaa suruali juu ya kitovu. Mzee Kivuva alimtazama Ndululu, akashusha pumzi.

"Basi yule afunge suruali vizuri," alisema. "Hii ni boma ya watu."

Walipiga picha. Mbuzi waliingia, beberu akashtuka na kamera, akakimbia. "Kata!" Wakatolewa, wakaingizwa tena. Mara ya pili Mzee Kivuva aliyaacha maneno ya karatasi, akamgeukia Kanyiva na kumuuliza kwa Kikamba, vile baba anavyouliza siku hiyo, kama mbuzi hawa awapokee ama awakatae. Kanyiva alikuwa na jibu refu lililoandikwa na Gathua. Halikutoka. Alisimama pale, mdomo wazi, mwigizaji aliyewahi kuwanyamazisha wanafunzi mia sita, akatikisa kichwa tu kukubali. "Kata! Mama, sauti!" Mbuzi wakatolewa mara nyingine, mzee mwenyewe akiwasukuma nje ya mlango huku akicheka, kisha wakaingia mara ya tatu, na Kanyiva akasema, "Wapokee, asa."

Hiyo ndiyo iliyobaki kwenye filamu.

Beberu alipolazwa chini ili achinjwe, betri ya kamera ilikufa. Boma halikuwa na umeme. Gathua alitia kamera kwenye mkoba, akakunja mikono ya shati, akala nyama na wengine. Mzee Kivuva alimkatia Muthama nyama kwa kisu chake, na jioni hiyo aliwaambia kwamba wiki ijayo atakuja Kathonzweni kunywa chai. Alikuja. Alikunywa vikombe vitatu. Yote yaliyoifanya ntheo kuwa ntheo yalitokea kabla kamera haijawashwa na baada ya kuzimika.

*

"Tafuta shahidi," Kisilu alikuwa amemwambia. "Hadi Alhamisi."

Wale wazee wa kuigiza, watatu walikuwa wamekufa, na Ndululu alikuwa hospitalini, kiharusi kimemnyima ulimi. Alibaki Gathua. Ndinda, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa miaka ishirini na minne, alimpigia simu Emali, na mzee huyo akaja Alhamisi asubuhi na diski kwenye bahasha na kompyuta kwapani.

Habari zilikuwa zimeenea. Wazee walikuwa saba; waliokuja kusikiliza walikuwa zaidi ya mia moja.

"Mimi niliona mbuzi wakiingia," alisema Gathua. "Niliona beberu akichinjwa, na nyama nilikula kwa mdomo huu."

Nyamai alisimama. Alikuwa karani wa ushirika kwa miaka mingi, na alijua kuuliza.

"Mzee Gathua, karibu. Wewe ni mtu wa kazi. Siku hiyo uliwalipa waigizaji?"

"Niliwalipa wote. Mimi si mwizi."

"Madam Kanyiva ulimlipa?"

"Ndiyo."

"Na ndugu yangu Muthama?"

Gathua aliona shimo, lakini mguu ulikuwa umeshaingia. "Nilimpa kitu kidogo. Alishika nafasi ya mwingine."

"Kwa hivyo alikuwa ameshika nafasi ya mwingine." Nyamai aliwageukia wazee. "Wazee, mmewahi kusikia mtu analipwa mshahara kwa kuolewa? Na kwa kuoa?"

Watu walicheka. Kanyiva aliwatazama wakicheka na akajua, kwa ujuzi wa kazi yake, kwamba ukumbi ulikuwa unamhama.

"Tuangalie hiyo filamu," alisema Kisilu.

Jenereta ya matanga iliwashwa, televisheni ikawekwa juu ya meza ya sadaka. Filamu ilipoanza watu walijisogeza. Walikuwa wameshaiona mara nyingi, wengine walikua nayo. Akina mama walianza kuyasema maneno kabla hayajasemwa. Muthama alipotokea kwenye kioo, kijana, koti kubwa, kamba ya beberu mkononi, uso wa mtu aliyebeba kitu kinachoweza kuvunjika, Kanyiva alijishika kiti. Mumewe alikuwa mochari ya mji wa Wote tangu Jumapili, na alikuwa hapa, anaingia kwa mlango wa miti. Ndinda alimshika mama yake mkono.

"Wapokee, asa," alisema Kanyiva wa kwenye kioo.

Wanawake walipiga vigelegele. Walisahau kabisa kwamba wako matangani. Hata Kisilu alitabasamu, na kwa dakika moja hivi Kanyiva aliamini amepona. Walikuwa wameona. Ukambani nzima ilikuwa imeona akiolewa.

Filamu iliisha. Gathua alinyoosha mkono kuizima, akachelewa. Aliyasahau mambo yake mwenyewe: mwishoni, majina yanapopita, alikuwa na tabia ya kuweka vipande vilivyokosewa, watu wacheke. Akatokea Ndululu, suruali ikimteleza. Akatokea beberu akikimbia. Halafu Mzee Kivuva, meno nje kwa kicheko, akiwasukuma mbuzi wote watatu nje ya boma lake.

"Simamisha hapo!" Nyamai alipiga kelele.

Picha ikaganda. Mbuzi mmoja alikuwa nje kabisa, wawili nusu.

"Mzee mwenyekiti, wewe ni mtu wa mifugo. Hawa mbuzi wanaenda wapi?"

Kisilu alivaa miwani. Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Wanatoka nje."

"Anayewatoa ni nani?"

Kanyiva ndiye aliyejibu. "Ni baba yangu."

"Baba ya msichana akimtoa mbuzi wa ntheo bomani akimrudishia mwanamume, sisi tunaita nini?"

Kila mtu pale alijua. Mwanamke akikataa ndoa, kwao hurudisha mbuzi, na mbuzi huyo huitwa mbuzi wa ulee, mbuzi wa kukataa. Akishatoka, ndoa imekwisha. Hakuna haja ya korti.

"Alikuwa anarudia!" Kanyiva alisimama. "Waliingia tena! Beberu aliliwa!"

"Tuonyeshe akiliwa."

"Betri ilikufa."

Mtu nyuma alisema kwa sauti ya chini, "Haiya, betri nayo imekufa," na kicheko kikapita hemani kama upepo wa vumbi.

"Ni ipi ilitangulia?" aliuliza Kisilu, akimgeukia Gathua, na katika sauti yake kulikuwa na kitu kama kuomba. "Kuingia kule kwa vigelegele, ama kutoka huku? Una kanda yenyewe, ile haijakatwa?"

"Kanda zilikuwa ghali," alisema Gathua. Alikuwa amevua kofia. "Nilirekodi harusi za watu juu yake."

Kanyiva alijua kwamba amebakiwa na kitu kimoja tu, na ni mdomo wake. Akaenda katikati ya hema. Akawasimulia kuhusu randa na baiskeli, kuhusu meno ya beberu, kuhusu vikombe vitatu vya chai. Alitaka kusema kama mtu yeyote anavyosema, kwa kukwama na kurudia. Lakini sauti haikukubali. Ilitoka kama ilivyotoka siku zote, nzito, iliyochubuka, ikafika kwa watu wa mwisho waliosimama juani. Aliisikia na akaiogopa. Alijaribu kuivunja, akashindwa. Alijaribu kunong'ona, na mnong'ono nao ukafika. Machozi yalikuja yenyewe, mahali ambapo yangekuja kama angekuwa ameyapanga. Alipotaja jina la Muthama hema lote lilikuwa limenyamaza, na wanawake wawili walikuwa wakijifuta macho kwa leso.

Alipomaliza, mtu mmoja alipiga makofi. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mama mtu mzima, shabiki wake, na mikono ilimtangulia. Mwingine akaitikia. Halafu wakawa wengi.

Nyamai alingoja makofi yaishe.

"Mmejionea wenyewe," alisema. "Mimi sina la kuongeza."

Wazee walienda kando nusu saa. Kisilu aliporudi hakumtazama mtu.

"Mama Ndinda, mimi binafsi nakuamini," alisema. "Lakini ukoo hauwezi kumzika mtu kwa sababu ya vile Kisilu alivyohisi akiangalia televisheni. Kwenye kijitabu utaandikwa rafiki wa familia. Ndinda ataandikwa mtoto aliyelelewa na marehemu. Nyumba mtakaa hadi mwisho wa mwezi."

*

"Twende kortini, mwaitu," Ndinda alimwambia mama yake. Walikuwa jikoni, mlango umefungwa. "Kesho asubuhi. Tuzuie mazishi."

"Wakili atatuuliza nini?"

Wakili wa mjini Wote angeuliza lile lile la Kisilu. Jaji naye.

"Halafu baba yako atakaa kwenye jokofu," alisema Kanyiva. "Kuna yule mtu wa Makindu aligombaniwa. Alikaa miaka miwili. Walipomtoa, mama yake hakumtambua."

"Kwa hivyo tunanyamaza tu?"

"Sijui, mwanangu."

"Wewe unajua! Wewe huwa unajua la kusema!"

"Nimeshasema," alijibu mama yake. "Si ulisikia walivyopiga makofi?"

Hakulala wala hakula. Ijumaa alienda mochari na suti ya Muthama, mhudumu akamwambia kwa heshima kwamba nguo zitapokewa kutoka kwa familia, kisha akamuuliza kama si yeye yule wa filamu. Aliirudisha suti kwenye mfuko, akarudi nayo. Baadaye mchana Nyamai alikuja kuichukua. Alisimama kwenye kizingiti, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alionekana kama mtu aliyefiwa na kaka.

"Madam, si chuki," alisema. "Hii shamba ni ya baba yetu."

"Najua ni ya baba yenu. Mimi siulizi shamba. Niandike mke tu, Nyamai. Chukua shamba yote."

Nyamai alisita. Akakunja suti mkononi, mikono ndani, kama inavyokunjwa dukani.

"Mke na shamba haviachani," alisema, akaenda.

*

Jumamosi Kanyiva alikaa safu ya nne, kati ya mwalimu mkuu wa Ndinda na mama mmoja wa kikundi cha akiba. Alikuwa amevaa nguo nyeusi ya kawaida na hakuwa amejipaka chochote. Kijitabu kilikuwa na picha ya Muthama akiwa kijana, ile ya koti kubwa. Mtu alikuwa ameikata kutoka kwenye filamu. Kanyiva alikuwa kwenye picha hiyo pia, wamembakiza bega.

Mwongozaji wa shughuli alikuwa binamu wa marehemu, kijana mchangamfu mwenye kipaza sauti. Jeneza lilipoteremshwa aliita kwa utaratibu. Mama wa marehemu alikuwa ameshatangulia. Mjane, hakumtaja. Aliwaita ndugu, Nyamai akiwa wa kwanza. Akawaita wajomba. Akamwita "mtoto aliyelelewa na marehemu", na Ndinda akaenda, akachukua udongo kwa mikono miwili, akautupa kwa nguvu kana kwamba anampiga mtu, akarudi bila kumtazama yeyote. Wakaitwa majirani, kanisa, ushirika.

"Sasa wageni wetu mashuhuri," alisema binamu. "Tuko na mtu hapa ambaye hahitaji kutambulishwa. Mcheza filamu wetu, fahari ya Ukambani nzima, rafiki wa familia. Mama Kanyiva, karibu utuwekee udongo. Na kama una neno, kipaza sauti ni hiki."

Simu ziliinuliwa. Zilikuwa nyingi, zikimlenga kwenye safu ya nne.

Hakuinuka. Kati yake na kaburi hapakuwa hata hatua ishirini. Kama angeenda sasa, akachukua udongo kwa zamu ya wageni, angekuwa amesema mbele ya watu mia tano na simu zao kwamba yeye ni mgeni. Kama angeenda na kupiga yowe, wangeliona yowe zuri sana. Aliyapima yote mawili kama alivyozoea kupima jukwaa kabla ya kuingia, na hapakuwa na mahali pa kusimama.

"Mama Kanyiva," alirudia binamu.

"Enda, mama," alinong'ona yule wa kikundi cha akiba. "Wanakungoja."

"Wacha waningoje."

Binamu aliita mara ya tatu, akicheka kidogo ili kufunika aibu. Mtu nyuma alisema, "Huyo anajua kutuweka roho juu," na mwingine akamwambia anyamaze. Kanyiva aliweka mikono juu ya magoti. Alimtazama Nyamai ng'ambo ya kaburi, na Nyamai, ambaye viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu hadi kwenye kamba, alitazama pembeni.

"Haya, basi," alisema binamu. "Vijana, tuendelee."

Vijana wakachukua sepetu. Udongo ulikuwa mkavu na uligonga mbao za jeneza kwa sauti kubwa mwanzoni, halafu ndogo, halafu hakuna. Ilichukua karibu nusu saa. Kwaya iliimba, simu zikashushwa moja moja, watu wakaanza kuulizana kuhusu chakula. Kanyiva alibaki ameketi pale pale hadi safu yote ikawa tupu, akimtazama mtu wake akifunikwa na watu wengine.